Sinema za zamani za nyimbo na dansi: maswali ninayoulizwa kila Jumamosi

Kila Jumamosi baada ya Isha natundika shuka jeupe uani kwetu, Tanga, nawasha projekta, na majirani wanakuja na mikeka yao. Tulianza na picha za Kihindi, maana ndizo alizozipenda marehemu baba. Siku moja nikaweka ya Kimarekani ya mwaka 1952. Watu waliguna nusu saa nzima, kisha wakanyamaza, na ilipokwisha wakataka irudiwe ile sehemu ya mvua. Tangu siku hiyo maswali hayaishi, na ni yale yale. Nimechoka kuyajibu huku natafuta rimoti gizani, kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Ukisema "sinema ya nyimbo" unakusudia nini? Si kila filamu ina muziki?

Ule muziki wa kutisha jambazi anapofungua mlango hauhesabiki. Nakusudia filamu ambayo wahusika wenyewe wanaimba na kucheza, na wimbo umebeba hadithi: ukiutoa, hujui nani kampenda nani wala kwa nini kakasirika. Ninazoonyesha mimi ni za Hollywood, za kuanzia 1933 hadi 1965 hivi, zilizotengenezwa ziangaliwe ukumbini kwenye pazia kubwa. Nyingi zilitoka kwenye studio za Warner Bros., RKO, Twentieth Century-Fox na zaidi ya wote MGM, ambako mtayarishaji Arthur Freed alikuwa na kikosi chake mwenyewe cha watunzi, wapiga muziki, wabunifu na wacheza dansi, wote wanalipwa mshahara, wote wanaishi kwa kazi hiyo moja.

Mtu anaongea vizuri, mara anaanza kuimba. Kulikoni? Na hizo fidla barabarani anapiga nani?

Hili huwa la kwanza, na mara nyingi muulizaji ni mwanamume aliyeletwa na mkewe. Mimi humrudishia swali. Bibi yako alipokutolea hadithi, paukwa, pakawa, akafika pale binti anapowaita ndugu zake kutoka kisimani, aliliongea lile neno au aliliimba? Aliliimba, nanyi mkaitikia. Nani alikuwa anapiga ngoma humo kisimani? Hakuna aliyeuliza. Hadithi ilikuwa imefika mahali maneno ya kawaida yameishiwa, bibi akageuza sauti, na wewe uliyekuwa umeanza kusinzia ukafumbua macho.

Watu wa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo wa New York, ambako nyimbo nyingi za sinema hizi zilizaliwa, wana kanuni hiyo hiyo: moyo ukizidi maneno, imba, ukizidi wimbo, cheza. Kazi ngumu ni kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila mtazamaji kuona daraja. Itazame kwa makini ile ya mvua katika *Singin' in the Rain*. Gene Kelly anaagana na binti mlangoni, anamwashiria dereva aende zake, anashika njia kwa miguu huku kajifunika mwavuli. Haimbi bado. Anavumisha tu, mdomo umefumba nusu, na hatua zake zimeshaingia kwenye mdundo. Kisha anautazama mwavuli kama mtu aliyegundua kwamba hauhitaji, anaukunja, na hapo ndipo maneno yanatoka. Wewe ulishaanza kuimba naye kabla yake.

Zipo ambazo wimbo unaanguka katikati ya mazungumzo kama nazi juu ya bati, sikatai. Na zipo zilizosifiwa sana ambazo mimi hazinigusi. *Gigi* ya 1958 ilizoa tuzo 9 za Oscar. Sijawahi kuimaliza bila kusinzia.

Zilianza lini?

Siku inayotajwa ni tarehe 6 Oktoba 1927, New York, ilipoonyeshwa *The Jazz Singer* ya Warner Bros. Sehemu kubwa ilikuwa bubu, yenye maandishi ya kusoma; sauti ilisikika kwenye nyimbo na sentensi chache tu, nayo ilitoka kwenye santuri iliyozungushwa sambamba na filamu. Sindano ikiruka, mwimbaji anabaki anafungua mdomo kwa sauti ya mwenzake. Mwaka 1929 ikaja *The Broadway Melody*, filamu ya kwanza yenye sauti kupata Oscar ya filamu bora, na kila studio ikataka yake. Zikafurika, watu wakakinai upesi, ikafika mahali matangazo yanawahakikishia wateja kwamba filamu hii haina nyimbo. Kilichozirudisha ni *42nd Street* ya 1933, wakati Marekani iko hoi kwa mdororo wa uchumi, na mtu mwenye sarafu chache anataka saa mbili za kusahau kodi ya nyumba.

Mbona mchezaji anaonyeshwa mzima mzima, kamera haimkaribii?

Ahsante kwa swali hili. Lau ningeruhusiwa kujibu moja tu, ningejibu hili.

Ngoma inapochezwa uwanjani, wewe unatazama nini? Miguu, kiuno, mabega, vyote pamoja, na unajua mara moja nani anaijua na nani anabahatisha. Fred Astaire alitaka mtazamaji wa sinema apate nafasi hiyo hiyo. Alipokuwa RKO alishikilia sharti lake: nionyeshwe toka utosi hadi ncha ya kiatu, na msikate picha ovyo. Kamera inamfuata pembeni kama mtu anayetembea naye. Dakika mbili, tatu, mkato mmoja au hakuna. Akikosea hatua ya mwisho, inarudiwa yote toka mwanzo.

Yeye na Ginger Rogers walifanya filamu 9 pale RKO kati ya 1933 na 1939, kisha ya kumi MGM mwaka 1949. Katika *Swing Time* ya 1936 kuna dansi la mwisho la kuagana, wanapanda ngazi mbili zinazozunguka. Inasimuliwa kwamba lilirudiwa mara 47, na Ginger alimaliza viatu vimelowa damu. Ukilitazama huoni hata kope ikikunjamana. Katika *Top Hat*, ya mwaka mmoja kabla yake, Ginger alivaa gauni la manyoya ya mbuni alilolichagua mwenyewe. Kila alipozunguka, manyoya yaliruka yakamwingia Astaire puani na kung'ang'ania koti lake jeusi. Waligombana kweli kweli. Gauni likabaki, na ukikaza macho utaona manyoya mawili matatu yanaelea. Baadaye Astaire akawa anamwita "Manyoya".

Sasa weka video yoyote ya leo. Jicho, kiuno, gari, kiatu, jicho tena, yote ndani ya sekunde nne. Huwezi kujua kama msanii ndiye anayecheza au ni mhariri aliye kwenye kompyuta. Mimi nadhani hapo ndipo penye siri ya picha hizi kutokuzeeka. Hadithi zake nyingi ni nyepesi kama maandazi yaliyokosa sukari, lakini mwili ule ulifanya kweli kile unachokiona, kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyekusaidia kudanganyika.

Busby Berkeley wa Warner Bros. alikwenda kinyume kabisa. Huyu katika Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa akipanga magwaride jeshini, na ilionekana. Alipandisha kamera juu karibu na paa, chini akapanga mabinti kwa makumi, wakifunguka na kufumba kama ua. Linapendeza kama kitambaa cha kudarizi. Likifika la tatu naanza kutamani kuona uso wa mtu mmoja.

Yule bwana alichezaje darini?

Huyo ni Astaire tena, *Royal Wedding*, 1951. Anapanda ukutani, anacheza juu ya dari, anashuka ukuta wa pili. Kompyuta hazikuwepo. Mtoto wa jirani alinisumbua wiki nzima, nikamtengenezea. Chukua boksi la viatu lisilo na kifuniko, upande ule ulio wazi ufunge simu kwa gundi ya karatasi, imewashwa kurekodi, inatazama ndani. Tia gololi. Sasa zungusha boksi taratibu kama gurudumu. Gololi inabaki chini siku zote, lakini kwenye simu, ambayo imezunguka pamoja na boksi, gololi imepanda ukutani na kutembea darini.

Chumba kile kilijengwa ndani ya pipa kubwa la chuma linalozunguka. Kamera na mpiga picha wake walifungwa humo humo wakazunguka nacho, meza na viti vimekomelewa misumari. Astaire hakuwahi kutoka chini. Mtoto alitazama boksi, akatazama shuka, akasema, "Kumbe nyumba ndiyo inacheza."

Wanaimba wenyewe?

Wengine ndiyo, wengine hapana, na wengine nusu nusu. Kwanza ujue karibu nyimbo zote zilirekodiwa studio kabla, kisha siku ya kupiga picha santuri inapigwa na mwigizaji anafuatisha kwa midomo. Pleibeki, kama wasanii wetu jukwaani, ila hawa hawakuzomewa. Mtu hawezi kuruka meza na kushika noti kwa pumzi moja.

Lakini kuna waliofuatisha sauti isiyo yao. Mwanamama Marni Nixon aliimba kwa niaba ya Deborah Kerr katika *The King and I* (1956), Natalie Wood katika *West Side Story* (1961) na Audrey Hepburn katika *My Fair Lady* (1964), na jina lake halikuandikwa kwenye filamu hizo zilipotoka. Sura yake ilionekana mwaka 1965 katika *The Sound of Music*, mtawa mmoja kati ya watawa. Katika hiyo hiyo *My Fair Lady*, Rex Harrison alikataa katakata kufuatisha santuri, akasema yeye haimbi mara mbili kwa namna moja. Ikabidi wamfichie kinasa sauti kisicho na waya ndani ya tai. Na lile jukumu la Eliza, alilopewa Audrey Hepburn, alikuwa amelicheza Julie Andrews jukwaani Broadway hadi akasifika. Mwenye studio, Jack Warner, akasema hana jina kwenye sinema. Julie akaenda kuwa *Mary Poppins*, na Oscar ya mwigizaji bora wa kike ya mwaka ule ule ikawa yake.

Kisa kitamu kuliko vyote kiko ndani ya *Singin' in the Rain*. Hadithi yenyewe inahusu jambo hili: nyota wa filamu bubu, Lina, ana sauti ya kukwaruza, basi binti mwema Kathy anafichwa nyuma ya pazia amtolee sauti. Sawa. Kathy ni Debbie Reynolds. Katika wimbo ambao Kathy anamwimbia Lina, aliyeimba kweli ni mwanamke wa tatu, Betty Noyes. Na pale Kathy anapomsemea Lina maneno kwa sauti nzuri ya kistaarabu, sauti hiyo ni ya Jean Hagen, aliyeigiza Lina! Yaani mwenye sauti mbaya alimsaidia mwenye sauti nzuri kumsaidia yeye mwenyewe. Nikilieleza hili uani, huwa nalirudia mara mbili, na kuna mzee mmoja mpaka leo anasema namdanganya.

Ile mvua ilikuwa na maziwa?

Hapana. Uvumi huo umezunguka miaka na miaka, eti walichanganya maziwa ili matone yaonekane. Walichofanya ni kuweka taa nyuma ya maji. Mwangaza ukitokea nyuma, tone linang'aa. Mtaa ulikuwa wa kujengwa ndani ya eneo la MGM, wakaufunika kwa maturubai meusi mchana upate kuwa usiku, wakatoboa mabomba juu, na vidimbwi vikachimbwa pale pale ambapo mguu wa Kelly ulitakiwa kutua. Yeye mwenyewe alikuwa na homa kali. Debbie Reynolds alikuwa na miaka 19, hajawahi kuwa mcheza dansi, alikuwa binti wa sarakasi za viungo, na baada ya wimbo wa "Good Morning", ule wa watatu wanaopindua kochi, miguu yake ilivuja damu.

Oscar ilipata ngapi? Hata moja.

Kwa nini The Wizard of Oz inaanza kama picha mbovu, halafu inapata rangi?

Nilidhani projekta yangu imekufa mara ya kwanza, kwa hiyo usione haya kuuliza. Nyumbani kwa Dorothy, Kansas, kila kitu ni rangi ya chai iliyopoa. Kimbunga kinaibeba nyumba, inatua, anafungua mlango, na nje ni Technicolor tupu, yaani filamu ya rangi: maua, maji, barabara ya matofali ya njano. Mwaka 1939 watu wengi walikuwa wamezoea nyeusi na nyeupe. Fikiria mlango huo.

Namna walivyofanya ni rahisi hadi inachekesha. Picha ile yote ni ya rangi. Ndani ya nyumba walipaka kuta rangi ya kahawia, wakamweka msichana mwingine aliyevaa gauni la kahawia, mgongo kwetu. Anafungua mlango, anarudi nyuma nje ya picha, na Judy Garland mwenye gauni lake la buluu anapita mbele kuingia kwenye rangi.

Mengine hayakuwa rahisi. Mtu wa bati wa kwanza, Buddy Ebsen, alipakwa unga wa alumini usoni, ukamwingia mapafuni, akalazwa hospitali, na nafasi yake akapewa mwingine. Wimbo wa upinde wa mvua, unaojulikana kuliko filamu yenyewe, nusura uondolewe baada ya onyesho la majaribio kwa sababu wakubwa waliona unachelewesha hadithi. Na vile viatu vyekundu vya Dorothy, kwenye kitabu kilichozaa filamu ni vya fedha. Vilibadilishwa ili Technicolor ipate kitu cha kujisifia.

Weusi wako wapi?

Wapo, na wengi walikuwa bora kuliko waliopewa majina makubwa. Namna walivyotendewa ndiyo sababu sitazami picha hizi kwa macho ya mahaba matupu. *The Jazz Singer*, hiyo ninayosema ndiyo mwanzo, nyota wake Al Jolson ni mzungu aliyejipaka masizi usoni ili aonekane mweusi. Bill Robinson, bingwa wa dansi la kugonga viatu, aliingizwa katika *The Little Colonel* (1935) kama mtumishi, akicheza ngazini na mtoto Shirley Temple. Lena Horne, mwenye uzuri na sauti, MGM walimpiga picha peke yake, ameegemea nguzo, anaimba, hazungumzi na yeyote. Walikuwa na hesabu yao: sinema za majimbo ya kusini ziweze kuukata wimbo wake bila hadithi kuharibika.

Mwaka 1954 ikatoka *Carmen Jones*, waigizaji wote weusi. Dorothy Dandridge akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Yeye alikuwa mwimbaji, na mwenzake Harry Belafonte ni mwimbaji, Belafonte huyu huyu aliyeimba "Malaika" na Miriam Makeba. Wote wawili walitiliwa sauti za watu wengine, kwa kuwa nyimbo zilikuwa za opera. Sauti ya Dorothy ni ya Marilyn Horne, mzungu.

Lakini kabla hujakasirika ukaondoka, tafuta *Stormy Weather* ya 1943 na usogeze mpaka karibu na mwisho, Cab Calloway na bendi yake. Wanaingia ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wamevaa suti nyeusi. Wanaruka kutoka stendi moja ya wapiga muziki hadi nyingine, juu ya piano, kisha wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana vichwani: mmoja anatua msamba, mwenzake anamruka anatua msamba ngazi ya chini yake, wa kwanza anainuka bila kugusa chini kwa mkono, anaruka tena. Nimeshaionyesha zaidi ya mara kumi. Kila mara kuna mtu anayeshika magoti yake mwenyewe.

The Sound of Music ni kisa cha kweli?

Kwa kiasi. Maria, yaya wa kwenye filamu, alikuwepo, nahodha von Trapp anayemuoa alikuwepo, watoto saba walikuwepo, na waliimba. Ila walioana mwaka 1927, miaka mingi kabla ya Wanazi kuingia Austria. Na hawakuvuka milima kwa miguu kama filamu inavyoonyesha. Mwaka 1938 walipanda treni kwenda Italia. Mlima ule wa mwisho, kama wangeupanda kutoka Salzburg, ungewashusha Ujerumani, mikononi mwa wale wale waliokuwa wakiwakimbia.

Wengi wanadhani "Edelweiss" ni wimbo wa asili wa Waaustria. Ulitungwa Marekani kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa 1959, na ndiyo maneno ya mwisho aliyoyaandika Oscar Hammerstein kabla ya kufariki mwaka 1960. Nahodha naye, Christopher Plummer, haimbi kwa sauti yake. Anayeimba kwa sauti yake ni Julie Andrews, ambaye pale mwanzo anapozunguka mlimani huku kafungua mikono, alikuwa anapigwa picha kutoka helikopta, na kila ilipopita upepo wake ulimbwaga majanini. Anainuka, anatoa nyasi mdomoni, wanarudia.

Basi kwa nini waliacha kuzitengeneza?

Televisheni iliwabakiza watu nyumbani, rock and roll ikachukua vijana, na ule mfumo wa studio kuajiri wasanii kwa mwaka mzima ukavunjika; bila mshahara, huwezi kuwaweka wacheza dansi mia wakifanya mazoezi miezi miwili. Kisha *The Sound of Music* ikaingiza fedha nyingi mno, wakubwa wakaona njia ndiyo hii. Wakatengeneza *Doctor Dolittle* (1967), *Star!* (1968) na *Hello, Dolly!* (1969), zote kubwa, zote ghali, zote hasara. Mwaka 1970 MGM wakapiga mnada hadi mavazi. Jozi moja ya vile viatu vyekundu vya Dorothy ilikwenda kwa dola 15,000. Jozi nyingine iliibwa kwenye jumba la makumbusho huko Minnesota mwaka 2005, ikapatikana 2018, na Desemba 2024 ikanadiwa kwa dola milioni 28. Kama una viatu vya mama vya harusi, vitunze.

Sinema hizi hazikufa kabisa. *Cabaret* ya 1972 ilipata Oscar 8, *Chicago* ya 2002 ikapata ya filamu bora, na *La La Land* ya 2016 imejaza vipande vya heshima kwa wazee hawa. Ila ni moja moja, kama mvua za vuli.

Wahindi waliwaiga hawa?

Mzee mmoja mpenzi wa Raj Kapoor, yule nyota wa picha za Kihindi, alikaribia kunipiga nilipolichelewesha jibu hili. La, hawakuiga. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, *Alam Ara*, ilitoka Bombay mwaka 1931 ikiwa tayari na nyimbo saba, na desturi hiyo ilitoka kwenye maigizo ya jukwaani ya Waparsi, yaliyokuwa na nyimbo tangu karne ya 19. Wao wala hawakuficha habari ya sauti: Lata Mangeshkar alikuwa nyota kuliko wengi aliowaimbia, wakati Marni Nixon alifichwa. Na sisi watu wa pwani tulizinywa zile nyimbo hadi zikaingia kwenye tarabu. Msikilize Juma Bhalo wa Mombasa, utayasikia mahadhi ya Kihindi waziwazi. Kama umekua na hizo, Hollywood ya zamani haitakushinda. Steringi ni steringi.

Kiingereza hakipandi. Nitaambulia nini?

Mengi. Mimi husimulia kisa kwa dakika mbili kabla ya kuwasha, basi. Miguu haina lugha.

Nianze na ipi?

*Singin' in the Rain*. Haifiki saa mbili, inachekesha, na hasara haina. Ukiwa na watoto, *The Wizard of Oz*, ila yule mchawi wa kijani anawatisha wadogo. Kisha *Top Hat*. *West Side Story* ni nzuri na nzito, kuna vifo, isiwe ya kwanza. *My Fair Lady* na *The Sound of Music* zinakaribia saa tatu kila moja, ziache kwa sikukuu. *Seven Brides for Seven Brothers* ya 1954 ina dansi la kujenga banda ambalo sijaona mfano wake, watu wanacheza juu ya mbao nyembamba huku wanagombania wasichana. Lakini kisa chake ni vijana wanaowateka mabinti wakawaoe, na nilipoiweka, mama mmoja alisimama akauliza kwa sauti mahari iko wapi. Hatukuweza kuendelea kwa robo saa.

Naweza kuruka nyimbo nikatazama hadithi tu?

Simu ni yako. Utabaki na dakika arobaini za watu wanaofungua milango na kuifunga.